Barua ya Mwenyekiti Iliyobaki Mkobani Mwangu

Nasikia siku hizi mchezaji akikosa mnamwita kamatini kwa simu. Barua inapigwa picha, inatumwa, tiki mbili zikigeuka buluu basi ameipokea, hawezi kukana. Kijana mmoja wa ofisi ya ligi alinionyesha jambo hilo kwa fahari, kidole chake kikikimbia juu ya kioo hata nikamwambia apunguze mwendo, mimi si winga. Alicheka. Hakujua kwamba nilikuwa nikimwonea wivu. Laiti tiki zile zingekuwako wakati wangu, nisingekaa miaka mingi nikizunguka kichochoro cha nyuma kila niendapo Bondeni, ili nisipite mbele ya duka moja.

Mimi ni Rukia, Bi Rukia wa kamati, walivyozoea kuniita. Nilikuwa karani wa kamati ya nidhamu ya ligi, upande wetu wa pwani, miaka ishirini na mitatu, mpaka goti langu lilipozikataa ngazi za ofisi. Nyinyi mnaoingia kazi hii sasa mmeniomba niwaandikie tulivyokuwa tukifanya. Nitaandika, lakini msitarajie mpangilio. Yatakuja yanavyonijia, na mengine nayaandika kwa sababu nimechoka kuyabeba.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Mwakio, Mtaita, mstaafu wa reli, ndiye aliyekuwa mkuu wa kamati. Alikuwa na miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kumtazamia mtu anayedanganya, na akibadilisha miwani katikati ya maelezo yako ujue mambo yamekuharibikia. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Bi Rukia, hapa hatuhukumu watu, twahukumu karatasi. Karatasi ikiwa na kasoro, mkosaji ataondoka akipiga mluzi." Nikaona maneno mazuri hayo. Nikayashika kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyoshika sura yake ya kwanza.

Alinifunza kuisoma ripoti ya refa mara mbili, mara ya pili nikianzia mwisho, kwa kuwa refa mwenye hasira hutanguliza sifa zake na kuuacha ukweli chini kabisa. Alinifunza kumuuliza refa alikuwa amesimama wapi. Hilo swali dogo, jamani, limeokoa wachezaji wengi kuliko mawakili. Na mchezaji akiingia, mpeni kiti kabla ya kumsomea shtaka, maana ukimsimamisha atavimba kifua akidhani bado yuko uwanjani. Akija na mamake, kiti cha kwanza ni cha mama, na tafadhali msimuulize mama chochote, hamtakwenda nyumbani.

Nakumbuka refa mmoja aliyeandika kwamba mchezaji alimtukana "matusi yasiyoandikika." Mzee Mwakio akakataa. Alitaka matusi yenyewe, neno kwa neno, maana hukumu hukatwa kwa uzito wa neno. Refa akanitazama, akaona haya, akaomba mimi, mama, nitoke kidogo.

Nikamwambia, "Baba, mimi ni karani. Hapa sina masikio, nina kalamu tu."

Lakini hakuweza. Nikatoka nikasimama nyuma ya mlango, ambao ulikuwa wa mbao nyembamba, na nikasikia vizuri sana. Mchezaji alikuwa amemwambia, "Kaptula yako kama pazia la choo." Wajumbe walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa kwenye ripoti, na kijana yule akafungiwa mechi moja badala ya nne. Lile doa la kahawa lingali kwenye faili, kama faili lenyewe lipo.

Wachezaji walikuwa wakija. Hilo nataka mlijue. Ukimwita mchezaji anakuja, amevaa shati aliloazima, viatu vimefutwa. Viongozi ndio walikuwa shida. Kiongozi wa klabu ukimwita leo, amesafiri. Ukimwita kesho, ana shinikizo la damu. Akija huja na wakili na sinia ya halua ya kamati. Mzee Mwakio alikuwa akiisukuma sinia mpaka ukumbini nje, haigusi mtu, mpaka hukumu isomwe. Baadaye tukiila, sitawaficha, na mara nyingi aliyeileta alikuwa ameshinda.

Sasa niwaeleze kosa langu la kwanza, kwa sababu ndilo lililozaa la pili. Nilipeleka barua ya shtaka Bondeni kwa beki mmoja aitwaye Ali Omar, aliyemsukuma mshika kibendera. Nikauliza kwenye baraza la kwanza, Ali Omar yuko? Bwana mmoja akasema ndiye mimi. Akaipokea barua kwa mikono miwili, akanishukuru, nikaenda zangu. Siku ya kikao akaja mtu wa makamo, kanzu imenyooka kwa pasi, ananukia udi. Tukamsomea shtaka lote, kwamba alimpiga kikumbo mshika kibendera na kumwita majina. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu kubwa.

"Una la kusema?" Mzee Mwakio akamuuliza.

"La kusema ni kwamba huyo bwana simjui, na mpira sijaugusa tangu nilipokuwa chuoni. Mimi ni fundi saa."

"Mbona umekuja basi?"

"Si mumeniita, Mzee?"

Tulimwomba radhi, tukampa kahawa, na toka siku ile akawa ndiye anayetengeneza saa za wajumbe wote. Lakini Mzee Mwakio hakucheka. Jioni ileile alinikalisha tukaandika kanuni: barua ya shtaka itiwe mkononi mwa mwenyewe, kwanza aulizwe jina la babake na la timu yake, kisha atie saini kwenye daftari, siku saba kamili kabla ya kikao. Pasipo saini hakuna kesi. Nikaipiga chapa mimi, nikaibandika ukutani mimi. Kwenye daftari nikapiga mistari ya jina, tarehe, saini, na mwisho nafasi pana ya maelezo, ambayo hatukuwa tukiijaza. Niliionea fahari kanuni ile, kila mgeni akija ofisini nilikuwa nikimwonyesha.

Naona nazungukazunguka. Nije kwa Kahindi.

Sijauona tena mguu wa kushoto kama ule. Nasema bila kuogopa, na nimetazama mpira tangu kabla hamjazaliwa. Kahindi alikuwa Mgiriama, kijana wa miaka ishirini na mbili, mchana akipakia magunia kwenye ghala, jioni akicheza pembeni kushoto katika timu moja ya hapa kisiwani. Alikuwa akimwendea beki mbio, halafu ghafla anasimama, mguu juu ya mpira, ametulia tuli kama mtu anayetaka kuulizia njia. Beki hawezi kuvumilia, anaanza yeye. Akishaanza tu, Kahindi keshapita. Mimi nilikuwa nikienda uwanjani kwa kazi, kuchukua ripoti ya refa mechi ikiisha, na niliapa nisishabikie timu yoyote. Lakini Kahindi akisimama na mpira, uwanja mzima ukinyamaza, na mimi nilikuwa nikisimama bila kujijua, mkoba ukianguka. Niliupenda mpira kwa sababu ya vile vipande vya kimya. Mpaka leo hukaa Tononoka jioni nikatazama vijana wakicheza, mchanga ukaingia viatuni, nikingoja mmoja wao asimame vile. Husimama, lakini huwa amechoka tu.

Tatizo ni kwamba uwanjani hakuna aliyemwita Kahindi. Walikuwa wakipiga kelele "Athumani! Athumani!" kwa sababu Athumani ndilo jina lililokuwa kwenye leseni yake. Athumani wa kweli alikuwa winga aliyesajiliwa na klabu, akapata kazi Uarabuni, akaondoka. Dirisha la usajili lilikuwa limefungwa. Basi Bwana Twahir, mwenyekiti wa klabu, akaichukua leseni ya Athumani akampa Kahindi, akamwambia ni mechi mbili tatu tu, dirisha likifunguliwa nitakusajili kwa jina lako. Kwa kuwa Athumani kwenye picha alikuwa na masharubu, akamwambia afuge na masharubu. Dirisha likafunguliwa, likafungwa, na Kahindi akaendelea kufunga mabao ya Athumani.

Wakashikwa kwa jambo la kipuuzi. Athumani mwenyewe, huko aliko, aliweka picha yake mtandaoni, amesimama mbele ya jengo na kofia ya kazi kichwani, siku ileile ambayo kwa karatasi zetu alikuwa amefunga mabao mawili Mombasa. Timu iliyofungwa ikatuletea picha ile imekuzwa kama ya mgombea wa kura.

Nikaandika barua mbili. Moja ya Kahindi, kwa kucheza na leseni isiyo yake. Ya pili ya Bwana Twahir, kwa kumpa leseni hiyo, na kwa kanuni zetu kosa lake ndilo lililokuwa kubwa. Kama kiongozi angepatikana na hatia, mchezaji aliyeagizwa naye angepunguziwa, pengine akafungiwa mechi chache tu. Kila kitu kilisimama juu ya barua ya Bwana Twahir. Kikao kilikuwa karibu, na siku ya mwisho ya kufikisha barua ilikuwa Ijumaa.

Alhamisi nikaenda kwa Kahindi, chumba alichopanga Tononoka. Nilimkuta anafua jezi. Nikamfungulia daftari.

"Nitie saini jina langu?" akaniuliza.

"Lako, si la Athumani. Wewe ni nani?"

"Kahindi."

"Basi andika Kahindi."

Akafuta mikono, akaomba karatasi ajaribu kwanza. Halafu akatia saini polepole, herufi ya kwanza kubwa, mkia wake ukapita chini ya jina zima na kuishia kwa kiduara kidogo kama mpira. Mkia ukaingia mstari wa chini, mstari wa Bwana Twahir.

"We kijana, umejaza mistari miwili!" nikamgombeza.

"Nisamehe, Bi Rukia. Hii nimeifanyia mazoezi tangu darasa la sita."

Ijumaa baada ya swala ya alasiri nikaenda Kuze, kwa Bwana Twahir. Si mbali, ni hatua chache kutoka nyumbani kwetu. Nilipokunja kona nikaona mikeka imetandikwa nje na wanaume wameketi kimya. Mamake, Bi Zuhura, alikuwa amefariki alfajiri, na walikuwa wamerudi kumzika. Mimi nilikuwa nimetoka mapema nikashinda ofisini Tononoka, habari haikunifikia. Bi Zuhura ndiye aliyenisomesha alifu kwa kijiti, mimi na wenzangu wote wa mtaa ule. Ningeweza kurudi? Mtu hawezi kupita mbele ya msiba wa mwalimu wake akageuka kama aliyekosea nyumba. Nikaingia kwa wanawake. Wakanisogezea nafasi, wakanipa juzuu nisome, na nikasoma na mkoba mapajani, na barua ndani ya mkoba, na daftari pia. Kila nilipofika mwisho wa aya niliukumbuka.

Nilipotoka, Bwana Twahir alikuwa mlangoni akipokea watu. Aliniona, akatia mkono kifuani.

"Ahsante kwa kuja, Bi Rukia. Mamangu alikuwa akikupenda."

Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nilikuwa nimeushika mkoba kwa mikono miwili. Nikasema, "Mungu awape subira," nikapita. Kwenye mkeka wa mwisho niliwaona wachezaji wa timu yake, wamekuja kuzika na mwenyekiti wao, na Kahindi yuko katikati yao, ananitazama. Jua likatua, na nafasi ya siku saba ikapita na jua lile.

Kikaoni Kahindi alikuja peke yake, shati jeupe limembana mabega. Masharubu alikuwa ameyanyoa. Alisema yote bila kuficha, leseni alipewa na nani, lini, wapi, na akaushika mdomo wa juu alipofika kwenye masharubu, wajumbe wakainamisha vichwa. Bwana Twahir aliketi upande wa pili na wakili. Wakili akainuka akasema mteja wake hajatiwa barua mkononi, hajatia saini popote, amekuja kwa heshima tu, na kanuni iko pale ukutani.

"Bi Rukia, daftari," Mzee Mwakio akasema.

Nikalifungua. Kwenye mstari wa Bwana Twahir palikuwa na mkia wa saini ya Kahindi tu.

"Ulikwenda kwake?"

"Nilikwenda, Mzee."

"Ikawaje?"

Hapo ndipo, wanangu. Neno moja lilitosha, msiba. Lakini Bwana Twahir alikuwa ameketi mbele yangu, hata siku arubaini hazijatimia, na niliona haya kumtaja mamake mbele ya wakili na wajumbe, kama kwamba namtoa kaburini nije kumfanya ushahidi. Na niliona haya ya pili, kwamba mimi Rukia, niliyesomeshwa na marehemu, nilikwenda mazikoni kwake na barua ya mashtaka. Nikasema, "Sikumpata."

Kahindi aligeuka akanitazama. "Bi Rukia," akasema, "mimi nilikuona."

Wakili akapinga, mchezaji hajapewa ruhusa ya kunena. Mzee Mwakio akamwambia Kahindi aketi. Hakuna aliyemuuliza aliona nini. Kesi ya Bwana Twahir ikafutwa pale pale, na kwa kuwa hapakuwa na kiongozi aliyeagiza, Kahindi akabaki mdanganyifu peke yake. Akafungiwa misimu mitatu. Kwa mtu anayepakia magunia, misimu mitatu ndiyo maisha yake ya mpira yote. Mzee Mwakio alitia saini hukumu bila kuvua miwani ya kusomea.

Watu walipotoka akaniita. "Bi Rukia, yule bwana mwaishi mtaa mmoja. Utamkosaje?" Nikamweleza. Akalifunga lile daftari. "Ungesema ni msiba ningeahirisha. Kanuni za ligi zaruhusu udhuru."

"Najua, Mzee."

"Ulijua!" Na yeye aliyekuwa akinisindikiza mpaka barabarani kila jioni, siku ile alinitangulia kushuka ngazi.

Palikuwa na nafasi ya rufaa, siku kumi, lakini lazima mchezaji mwenyewe aiombe. Nikaenda Tononoka kumweleza Kahindi, nikiwa tayari kusimama mbele ya yeyote niseme ukweli. Aliufungua mlango, akaniona, akaufunga polepole. Afadhali angeubamiza. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu jirani akaniambia keshahama. Nami ningeweza kumwandikia mkuu wa rufaa mwenyewe bila kungoja mchezaji, ningeweza kupiga kelele, lakini nilirudi mezani kwangu nikapiga chapa barua za wengine. Hilo ndilo ninalojilaumu zaidi.

Mkiniuliza ni funzo gani, ni dogo sana: jazeni ile nafasi ya maelezo. Mkienda mkakuta msiba, andikeni msiba. Mkikuta harusi, andikeni harusi. Mkiona haya, andikeni kwamba mliona haya. Kanuni inayomwokoa fundi saa ndiyo hiyohiyo itakayomwokoa mwenyekiti, na karatasi haitawaambia tofauti yao, ni nyinyi mtakaoisema au mtakaoinyamazia. Mzee Mwakio mwenyewe alinikubalia hilo kabla hajafa, Mungu amrehemu, na lile neno lake la karatasi hakulisema tena mbele yangu.

Ofisi ilipoingia kompyuta, madaftari ya zamani yaliwekwa ukumbini yangoje muuza njugu ayachukue ya kufungia. Nikalitafuta lile moja, nikaondoka nalo chini ya buibui. Ni mali ya ligi, najua. Mkitaka kunishtaki niiteni, nitakuja, na nitatia saini.

Basi mwaka huu, baada ya kukaa na daftari kabatini na ile barua ndani yake, nikaenda tena kwa Bwana Twahir. Ni mzee sasa, uenyekiti aliuacha mwenyewe alipochoka, sukari imemdhoofisha na macho hayaoni mbali. Nilimkuta sebuleni, binti yake akamletea chai.

"Ndoo, Bi Rukia, ndoo uketi. Wambaje?" akanikaribisha na kunijulia hali kwa Kimvita chetu.

"Sijambo. Nimekuletea barua yako."

"Barua ya nani?"

"Ya kamati."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaifungua, akaisogeza karibu na macho, akaisoma yote, na kicheko kikamwisha.

"Ndiyo ya siku ile," akasema. "Nalijua unayo. Nalishaambiwa waniletea. Nalikuona umeukamata mkoba, nikangojea uitoe."

"Ungeipokea?"

"Siku ile? Nimetoka kumfukia mamangu. Ningepokea chochote." Akaikunja barua. "Hukuitoa. Wiki ya pili wakili akaniuliza, barua umetiwa mkononi? Nikasema la. Nalisema kweli, Bi Rukia."

"Na mimi nikasema uongo. Tukamzika kijana baina yetu."

Akaomba kalamu. Nikafungua daftari, nikamshika mkono nikauweka kwenye mstari wake, akatia saini juu ya mkia wa Kahindi.

"Nitie tarehe gani?"

"Ya leo."

Akaitia. Nilipofika mlangoni akaniita, akasema, "Mwambie yule kijana..." nikangoja, naye akapapasa kikombe chake cha chai.

Nilijua Kahindi aliko. Nilijua siku zote. Alikuwa Bondeni akitengeneza mafriji, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, kwenye lile duka nililokuwa nikilizunguka. Kesho yake sikuzunguka. Kabla sijaondoka nyumbani nilifungua daftari, nikajaza maelezo kwenye mstari wa Bwana Twahir kwa mkono wangu: Nilimkuta. Palikuwa na msiba wa mamake. Karani aliona haya, akadanganya kikao.

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji lililofunguliwa mgongo. "Karibu mama, friji lina nini?" akasema bila kutazama. Halafu akatazama. Amenenepa kidogo, mvi zimemwanza, na masharubu hana. Nikaliweka daftari juu ya friji, nikafungua ukurasa, nikarudi nyuma hatua moja kama nilivyokuwa nikifanya kikaoni. Akasoma. Alirudia tarehe mara mbili.

"Hii ni ya mwezi huu."

"Ndiyo."

"Inafaa nini sasa?"

"Haifai kitu. Ligi haiwezi kuifanyia lolote."

Nikamweleza yote, mkoba, juzuu, mlangoni, mpaka zile mara tatu nilizobisha kwake. Alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa, akiendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Nilidhani wamekununua," akasema.

"Najua."

"Kufungiwa sikukasirika sana, nilikosa kweli. Lakini wewe ndiye uliyeniambia niandike jina langu. Wengine wote walitaka Athumani."

Nililia, na sioni haya kuwaambia. Yeye akawa anaitazama saini yake mwenyewe, ule mkia mrefu na kiduara chake.

"Unajua, Bi Rukia, mabao yangu yote ni ya Athumani. Ripoti za marefa, magazeti, kila mahali. Wanangu nikiwaambia nilicheza ligi hucheka. Katika mpira wote jina langu limeandikwa hapa tu, kwenye daftari la makosa." Akaweka kidole kwenye nafasi ya maelezo, mbele ya jina lake. "Kwake umeandika. Kwangu mbona kutupu?"

Nikatoa kalamu. Nikaandika: Huyu ndiye aliyekuwa winga wa kushoto. Mabao yale aliyafunga yeye. Nilikuwapo uwanjani, nilimwona.

Alisoma polepole, akaninyang'anya kalamu. Chini ya maneno yangu akatia saini, ileile ya darasa la sita, mkia ukashuka ukajaza mistari miwili, na safari hii sikumgombeza.